Orodha ya Makipa ya Central Scouting: Huduma ya Bure Inayodai Msomaji Makini

Kila mwaka, kabla klabu 32 za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika ya Kaskazini, hazijaanza kugawana vijana katika drafti ya mwezi wa Juni, ofisi ya ligi hiyo iitwayo Central Scouting huwapanga vijana hao kwa namba na kuyaweka majina yao mtandaoni bila malipo. Washambuliaji na mabeki wana orodha zao, na makipa wana za kwao. Tathmini hii inahusu orodha za makipa tu. Nimezichagua kwa sababu kipa wa miaka 17 au 18 ndiye mchezaji mgumu kupita wote kumpima katika hoki ya barafu, na kwa sababu ndizo orodha ambazo, kwa jinsi nilivyoona, watu huzisoma kwa haraka na kuzielewa isivyo.

Ninaishi Kanada na ninafuatilia ligi za vijana za huku, zaidi ya yote nafasi ya kipa. Wasomaji niliowakusudia ni wa aina mbili. Wapo mashabiki wa Kiswahili walioupenda mchezo huu baada ya kuhamia Kanada au Marekani na wanaotaka kujua klabu yao inamtafuta nani, na wapo wazazi ambao watoto wao waliozaliwa huku wamevaa pedi, wamekaa langoni, na sasa wanaanza kusikia neno drafti likitajwa mezani. Mzazi anayedhani kwamba lango la hoki si mahali pa watoto wetu na amtazame Grant Fuhr, kijana mweusi wa Alberta ambaye Edmonton Oilers walimchagua wa 8 mwaka 1981 akitokea Victoria Cougars, akatwaa nao Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mara tano, na mwaka 2003 akaingizwa katika Jumba la Mashuhuri wa Hoki.

Tuanze na kile unachopata. Central Scouting ilianzishwa mwaka 1975, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Jack Button, na kazi yake ilikuwa na bado ni kuzisaidia klabu zote kwa pamoja kuwafahamu vijana walio wengi kupita uwezo wa klabu moja kuwazungukia. Sisi wa nje tunaonjeshwa sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Mwanzoni mwa msimu hutoka orodha ya majina ya kutazamwa, yakiwa yamepewa herufi: A kwa anayetazamiwa kuondoka raundi ya kwanza, B kwa wa raundi ya pili au ya tatu, C kwa anayefuata. Mwezi wa Januari hutoka orodha ya katikati ya msimu, na mwezi wa Aprili orodha ya mwisho. Makipa wanaocheza Amerika ya Kaskazini huwekwa peke yao, na wale wanaocheza kwingineko, ambao zamani orodha yao ilijulikana kama ya Ulaya na siku hizi kama ya kimataifa, huwekwa peke yao. Kila jina huambatana na klabu, ligi, urefu, uzito, tarehe ya kuzaliwa, mkono wa kudakia, na takwimu za msimu. Ripoti zenyewe, yaani maneno ya wasaka vipaji waliokaa uwanjani wakiandika, huenda kwa klabu. Shabiki hupata jedwali.

Jambo la kwanza linalostahili sifa ni uamuzi wa kuwatenga makipa. Wachapishaji wengi wa orodha binafsi huwachanganya na wachezaji wengine, kisha wakalazimika kusema kwamba kipa fulani ni wa 27 na beki fulani ni wa 28, hukumu ambayo haina msingi wowote, kwa sababu beki anaweza kuingia NHL akiwa na miaka 19 na kipa mzuri huenda akasubiri hadi miaka 23 au 24. Klabu ina nafasi sita za mabeki kila usiku na nafasi moja ya kipa. Muda wa kukomaa ni tofauti, idadi ya nafasi ni tofauti, hata maana ya kukosea ni tofauti. Aidha, kwa miaka mingi jicho la ofisi hiyo kwa makipa wa Amerika ya Kaskazini lilikuwa la Al Jensen, aliyekuwa kipa wa Washington Capitals na aliyeshinda tuzo ya William M. Jennings, wanayopewa makipa wa timu iliyofungwa magoli machache zaidi, mwaka 1984 pamoja na Pat Riggin. Kipa kupimwa na mtu aliyewahi kukaa langoni ni jambo la maana kubwa, kwani mambo mengi yanayomfanya kipa awe kipa hayaonekani na mtu anayefuata paki kwa macho.

Nifafanue hapo, maana ndipo penye kiini cha huduma yenyewe. Lango la hoki lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, na paki ni kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa takriban gramu 170. Mtazamaji wa kawaida hukumbuka pale kipa alipojitupa na kudaka shuti la kona ya juu. Msaka vipaji huwa ameshaandika mengi kabla ya shuti hilo halijapigwa. Huangalia miguu kwanza: paki inapohama kutoka upande mmoja wa uwanja kwenda mwingine, je, kipa anafika mahali pake kwa msukumo mmoja na kusimama kabisa, au anafika akiwa bado anateleza? Kipa anayeteleza wakati shuti linapigwa anaweza kuokoa kwa bahati, na bahati hiyo hudumu katika ligi ya vijana kwa sababu wapigaji wengi wa umri huo hawalengi kwa usahihi. Akifika kwa watu wazima, upenyo uleule anaouacha chini ya kwapa la mkono wa glavu utapatikana kila siku.

Chukua tukio moja la kawaida. Beki wa upinzani amesimama mbali, karibu na mstari wa buluu, na mshambuliaji mmoja mkubwa amejisimika mbele ya kipa ili kumziba macho. Kipa wa kawaida hushuka magotini mapema kwa staili ya kipepeo, akitumaini kwamba mwili wake utakutana na paki. Kipa mwenye kipaji hukataa kushuka. Utamwona akiinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine, akiitafuta paki kati ya kiuno cha mtu aliyemziba na kiwiko cha beki wake mwenyewe, na akishaiona ndipo hushuka, akiwa na hakika. Shuti likimfikia, swali linalofuata ni iwapo anatema. Paki iliyopanguliwa ikarudi katikati, mbele ya lango, ni nafasi ya pili kwa wapinzani. Paki iliyoelekezwa pembeni kwa ncha ya pedi au iliyofunikwa tumboni ni hatari iliyokwisha. Tukio zima halifiki sekunde tatu, na katika jedwali la takwimu huhesabiwa kuwa shuti moja lililookolewa, sawasawa na shuti la kivivu lililopigwa kutoka katikati ya uwanja.

Kuna na ile hali ya paki kuwa nyuma ya lango au pembeni karibu na nguzo, ambapo makipa wa kizazi hiki huweka pedi moja chini, huegemeza bega kwenye nguzo na kuziba upenyo mdogo uliobaki. Mbinu hiyo inafundishwa kila mahali, na vijana wengi wameizoea mno kiasi cha kuitumia hata pale ambapo ilibidi wasimame. Mpigaji hodari huwasubiri washuke, kisha huinyanyua paki juu ya bega lililo karibu naye. Msaka vipaji aliyebobea hatamhukumu kijana kwa goli moja la namna hiyo, atarudi wiki mbili baadaye kuona kama kijana amebadilika. Ni kazi ya kurudia, ya kuwa uwanjani mapema kutazama mazoezi ya kupasha mwili moto, ya kukaa nyuma ya lango badala ya jukwaa la katikati. Ninaposema kwamba orodha hii ina thamani, nina maana kwamba nyuma ya kila namba kuna watu waliofanya kazi hiyo kwa msimu mzima, katika viwanja vidogo vya Saskatchewan na Quebec ambako kamera moja tu huonyesha mchezo, tena kutoka mbali.

Kwa sababu hiyohiyo, kasoro kubwa ya huduma hii inaniuma. Namba hutolewa bila kipimo. Ukiambiwa kwamba fulani ni kipa wa kwanza katika orodha na mwenzake ni wa pili, hujaambiwa kama wanatofautiana kwa mbali au kwa unywele, wala hujaambiwa kama yule wa kwanza ni kipaji cha nadra au ni bora tu katika mwaka wenye makipa wachache wazuri. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2020. Yaroslav Askarov alikuwa wa kwanza upande wa Ulaya, na Nico Daws wa Guelph Storm alikuwa wa kwanza upande wa Amerika ya Kaskazini. Msomaji wa jedwali aliona vijana wawili, kila mmoja akiwa na namba 1 mbele ya jina lake. Siku ya drafti Nashville Predators walimchukua Askarov wa 11, wakati Daws alisubiri hadi raundi ya tatu, New Jersey Devils wakamchukua wa 84, baada ya makipa wengine kadhaa kuwa wameshaitwa, akiwamo Drew Commesso aliyechukuliwa wa 46 na Chicago. Sisemi kwamba ofisi ilikosea kumweka Daws mahali ilipomweka. Alikuwa na msimu bora sana katika ligi ya Ontario na alicheza katika kikosi cha vijana cha Kanada kwenye mashindano ya dunia. Ninasema kwamba namba 1 mbili zilionekana kuwa na uzito sawa, na hazikuwa nao, na hapakuwa na neno hata moja kando ya jedwali la kumsaidia msomaji aone hivyo.

Kasoro ya pili inazaliwa na hiyo ya kwanza: orodha mbili hazikutani popote. Mwaka 2021 mjadala wote wa makipa ulikuwa juu ya vijana wawili, Sebastian Cossa wa Edmonton Oil Kings na Jesper Wallstedt wa Luleå nchini Sweden. Cossa alikuwa mrefu, mwenye mwili mkubwa unaofunika lango na mwendo mwepesi usiotarajiwa kwa mtu wa kimo chake; Wallstedt alikuwa mtulivu, mwenye mbinu zilizonyooka, na alikuwa tayari anacheza dhidi ya watu wazima katika ligi kuu ya Sweden. Hilo ndilo swali ambalo kila shabiki alitaka lijibiwe, nani kati yao, na kwa sababu gani. Huduma hii, kwa muundo wake, haikuweza kulijibu. Klabu ndizo zilizolijibu: Detroit walibadilishana nafasi na klabu nyingine wakapanda hadi ya 15 ili wampate Cossa, na Minnesota wakapanda hadi ya 20 kwa ajili ya Wallstedt. Ninaelewa kwamba wanaotazama makipa wa Finland na wanaotazama wa Manitoba si watu walewale, na kwamba kwa miaka mingi upande wa Ulaya uliendeshwa na Göran Stubb na timu yake akiwa Finland. Hata hivyo ofisi ni moja, na ingewezekana kabisa kuandika aya mbili zenye kulinganisha.

Haki inanidai niseme pia kwamba kazi hii ina ugumu ambao hakuna ofisi iliyoushinda. Tazama washindi wa tuzo ya Vezina, anayopewa kipa bora wa msimu, kuanzia 2019 hadi 2025: Andrei Vasilevskiy, Connor Hellebuyck mara tatu, Marc-André Fleury, Igor Shesterkin na Linus Ullmark. Fleury alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2003 na Vasilevskiy wa 19 mwaka 2012. Shesterkin alikuwa wa 118 mwaka 2014. Hellebuyck alikuwa wa 130 na Ullmark wa 163, wote wawili katika drafti ileile ya 2012 iliyomtoa Vasilevskiy. Mwaka huohuo Matt Murray aliondoka wa 83, na ndiye aliyekaa langoni Pittsburgh walipotwaa Kombe la Stanley mwaka 2016 na tena mwaka 2017. Ukirudi nyuma zaidi unamkuta Henrik Lundqvist, wa 205 mwaka 2000, katika drafti ambayo New York Islanders walimchukua kipa mwingine, Rick DiPietro, kabla ya vijana wote. Sergei Bobrovsky hakuchaguliwa na yeyote; Philadelphia walimsajili mwaka 2010, na leo ana Vezina mbili na Vikombe viwili vya Stanley alivyotwaa na Florida.

Hellebuyck anafaa kuangaliwa kwa ukaribu zaidi, kwa sababu anaonyesha mahali ambapo macho hayafiki. Kabla ya kuchaguliwa na Winnipeg alikuwa akicheza Odessa, Texas, katika ligi ya NAHL ambayo iko ngazi moja chini ya ligi kuu ya vijana ya Marekani, kisha akaenda chuo kikuu cha Massachusetts Lowell na huko ndiko alikokomaa. Alikuwa na mwili mkubwa na mwendo usio na papara hata wakati huo. Kilichokosekana ni watu wa kwenda Texas kumtazama kipa kwa majuma mengi mfululizo. Msomaji wa orodha azingatie hilo: namba zinajengwa na kutazamwa mara kwa mara, na kijana anayecheza pembezoni hutazamwa mara chache, kwa hiyo nafasi ya chini katika jedwali wakati mwingine ni habari kuhusu jiografia kuliko kuhusu glavu.

Klabu zenyewe zimejifunza kuogopa. Katika drafti za 2022, 2023 na 2024 hakuna kipa hata mmoja aliyechaguliwa raundi ya kwanza. Mwaka 2025 waliondoka wawili: Pyotr Andreyanov, aliyekuwa akichezea vijana wa CSKA ya Moscow, alichukuliwa wa 20 na Columbus, na Joshua Ravensbergen wa Prince George Cougars alichukuliwa wa 30 na San Jose. Mwaka huo orodha ilifanya kazi yake vizuri kabisa, kwani hao ndio waliokuwa wa kwanza, kila mmoja kwa upande wake.

Vijana hao wawili wananipeleka kwenye safu ya urefu, ambayo ni rahisi kuisoma na kwa hiyo inapotosha. Ravensbergen ana takriban mita 1.96, Andreyanov ana takriban mita 1.83. Sababu ya klabu kupenda warefu ni ya kweli: kipa mrefu akishuka magotini mabega yake hubaki karibu na mwamba wa juu, wakati mfupi huacha kona mbili za juu wazi na hulazimika kutoka mbele zaidi ili kuzipunguza, na akitoka mbele ana safari ndefu ya kurudi pasi ikipigwa pembeni. Ila mfupi mwenye miguu ya haraka na macho yanayosoma mchezo hulipa deni hilo. Juuse Saros wa Nashville, mwenye mita 1.80, alichaguliwa wa 99 mwaka 2013 na amekuwa kipa namba moja wa klabu yake kwa miaka. Mzazi anayeona safu ile imejaa vijana wa mita 1.90 na kuendelea asiifanye hukumu juu ya mwanawe wa miaka 15.

Safu ya asilimia ya kuokoa inahitaji tahadhari zaidi. Kipa aliyepigiwa mashuti 30 akafungwa 3 ana 0.900, na akifungwa 2 ana 0.933, yaani paki moja iliyogonga kiatu cha beki ikabadili njia ndiyo inayomtenganisha kipa wa kawaida na nyota wa usiku huo. Kwa msimu wa michezo 50 yenye mashuti 30 kila mmoja, tofauti kati ya 0.900 na 0.910 ni magoli 15. Magoli 15 ni mengi, lakini ni machache kiasi kwamba beki mbovu mmoja, au timu inayopoteza paki ovyo katikati ya uwanja, inaweza kuyasababisha yote bila kipa kuwa na hatia. Jedwali halielezi mashuti yalitoka wapi. Halielezi ni mangapi yalipigwa baada ya pasi ya kukata uwanja, ambayo ndiyo mashuti magumu. Kulinganisha takwimu za kijana wa ligi ya vijana ya Urusi, ambako mashambulizi huwa ya namna nyingine, na za kijana wa ligi ya magharibi ya Kanada, ni kujidanganya.

Safu ninayoithamini kuliko zote ni ile ambayo wengi huiruka, ya tarehe ya kuzaliwa. Mpaka wa kustahiki ni tarehe 15 Septemba: anayetimiza miaka 18 kufikia siku hiyo huingia drafti ya mwaka huo, na aliyezaliwa siku chache baadaye husubiri mwaka mzima. Ravensbergen, aliyezaliwa Novemba 2006, aliingia drafti ya 2025 akiwa na miezi kadhaa ya ziada ya kukua na kucheza kuliko kijana wa Agosti 2007 aliyepangwa naye katika jedwali moja. Kwa mshambuliaji miezi hiyo ni muhimu. Kwa kipa ni mlima, kwa sababu katika umri huo mwili unarefuka upesi na uratibu wa viungo huchelewa kuufuata. Na hapa huduma inastahili pongezi nyingine, ya kuwarudisha orodhani vijana waliopitwa, yaani ambao hakuna klabu iliyowachagua, mwaka mmoja au miwili kabla. Daws alikuwa mmoja wao. Ilya Nabokov alikuwa mwingine: alipitwa katika drafti zake za kwanza, akashinda Kombe la Gagarin, la mabingwa wa ligi kuu ya Urusi, na Metallurg Magnitogorsk katika majira ya kuchipua ya 2024, na miezi michache baadaye Colorado wakamchagua wa 38, mapema kuliko kipa mwingine yeyote wa mwaka huo.

Juu ya siku za vipimo zinazoandaliwa na ofisi hiyohiyo, ambazo tangu 2015 zimekuwa zikifanyika Buffalo baada ya kuhama kutoka Toronto, sina mengi. Vijana hupanda baiskeli ya Wingate wakikanyaga kwa nguvu zote kwa sekunde 30, huruka, hujivuta kwenye chuma, hupimwa pumzi na nguvu za mkono, na hukaa vyumbani wakihojiwa na klabu moja baada ya nyingine. Hakuna barafu. Kwa kipa, ambaye ustadi wake wote uko katika kuteleza, kusimama na kuona, matokeo yanayotangazwa kwa umma hayana la kumfunza shabiki. Mahojiano yangekuwa na maana, kwa sababu utulivu wa kijana aliyefungwa magoli manne katika kipindi kimoja ni jambo linaloulizwa humo, lakini hayo ni siri ya klabu, na ni sawa yawe siri.

Ningetaka mambo matatu yabadilike. Kila kipa wa kumi bora apewe sentensi chache za maelezo: anafanya nini vizuri, nini bado, na ametazamwa katika mazingira gani. Zile herufi za A, B na C za mwanzo wa msimu, ambazo ndizo pekee zinazobeba kipimo halisi, zibaki hadi orodha ya mwisho, ili namba 1 mwenye B ajulikane kuwa ni namba 1 mwenye B. Na mwisho, ofisi iseme wazi pale ambapo kijana hakutazamwa vya kutosha. Haya hayaligharimu ligi chochote, kwani ripoti zimeshaandikwa. Kwa sasa naipa huduma hii nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu hiyo ni ya kuwatenga makipa, na nyota inayokosekana mbele yake ingerudi siku maelezo yatakapoanza kutolewa. Vitabu vya kulipia vya waandishi binafsi hutoa maelezo hayo, vingine kwa umakini mkubwa, na shabiki mwenye fedha anunue kimoja akiweke kando ya jedwali. Asiye nazo hatapungukiwa sana iwapo yuko tayari kutazama mwenyewe.

Namna ya kufanya hivyo ni rahisi kwa anayeishi karibu na timu ya vijana. Orodha ya Januari ikitoka, weka alama kwenye majina matano au sita ya juu ya Amerika ya Kaskazini, kisha angalia ratiba ya timu ya mji wako uone ni nani kati yao atapita hapo kabla ya Machi. Kila klabu ya ligi ya magharibi hucheza michezo 68 kwa msimu, kwa hiyo uwezekano ni mkubwa. Nunua kiti cha nyuma ya lango, upande ambao kipa huyo atalinda katika vipindi viwili, cha kwanza na cha tatu. Fika wakati wa kupasha mwili moto. Usihesabu magoli, tazama miguu yake paki inapovuka uwanja, tazama shuti linapomfikia linaangukia wapi, na akifungwa goli la kizembe tazama anavyosimama kwa ajili ya shuti linalofuata. Orodha ya Aprili ikitoka, linganisha namba aliyopewa na uliyoyaona.